Kulia, Kuume na Shoto: Majina ya Mikono na Hali ya Mtumiaji wa Mkono wa Kushoto

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza jinsi Kiswahili kinavyoitaja mikono miwili ya binadamu, na inahoji iwapo tofauti iliyomo katika majina hayo imo pia katika mikono yenyewe. Swali hili si la kinadharia tu. Tuchukue mfano wa mtoto wa Matwebe, katika Wilaya ya Rungwe, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyakyusa na ambaye anajifunza kuandika kwa Kiswahili. Anaposhika kalamu kwa mkono wa kushoto kisha akaambiwa atumie "mkono wa kulia", huwa amepewa amri pamoja na hoja yake, kwani hoja imo ndani ya jina.

2.0 Maumbo ya majina

Neno kulia katika muktadha huu ni kauli ya kutendea ya kitenzi -la. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, kama vile chumba cha kulia kilivyo chumba cha kulia chakula. Kulia kwa machozi kuna asili nyingine, ingawa matamshi ni yale yale. Kuume, kwa upande wake, kumeundwa kwa kiambishi cha mahali ku- na mzizi -ume. Mwenziwe wa zamani ni kuke, yaani upande wa kushoto.

Njia hizi mbili za kuunda majina zimeenea katika lugha za Kibantu. Kizulu husema isandla sokudla, yaani mkono wa kula, na Kishona husema rudyi, kutokana na -dya, "kula". Kilingala hufuata njia ya jinsia: mkono wa kulia ni wa mwanamume na wa kushoto ni wa mwanamke. Peter Rigby (1966) alieleza mgawanyo kama huo miongoni mwa Wagogo wa Dodoma. Kwa hiyo majina haya hayaelezi maumbile ya mkono. Yanaeleza kazi na hadhi ambayo jamii imeupa.

3.0 Sintaksia ya shoto

Tofauti kubwa zaidi hujitokeza tunapomtaja mtu. Husemwa kwamba fulani ana shoto, au ni mwenye shoto. Muundo huo ndio ule wa ana homa, ana kigugumizi, ana kilema. Hakuna asemaye "ana kulia". Atumiaye mkono wa kulia hana jina, kwa kuwa lugha humchukulia kuwa ndiye mtu wa kawaida. Atumiaye wa kushoto hupewa jina kwa sababu amehesabiwa kuwa pungufu ya kawaida hiyo.

4.0 Ushahidi wa maumbile

Sayansi haiungi mkono hesabu hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2020, uliojumlisha takwimu za watu zaidi ya milioni 2, ulikadiria kuwa watumiaji wa mkono wa kushoto ni asilimia 10.6. Upendeleo wa mkono huanza kuonekana kabla ya kuzaliwa, na jeni nyingi huchangia. Kuhusu lugha, nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo hutawala kwa takribani asilimia 95 ya watumiaji wa kulia, na kwa takribani asilimia 70 ya watumiaji wa kushoto. Yaani hata walio wengi kati ya wenye shoto hawatofautiani na wenzao katika jambo hili.

Ugumu wa kuandika nao hutokana na mwelekeo wa hati. Katika hati ya Kirumi mkono wa kushoto hupita juu ya maandishi mabichi. Katika hati ya Kiarabu, iliyotumika kuandikia Kiswahili kwa karne kadhaa, ni mkono wa kulia unaofuatwa na tatizo hilo.

5.0 Mila si moja

Haifai kudhani kwamba mila zote za Kiafrika huudharau mkono wa kushoto. Miongoni mwa Wameru wa Kenya, kama alivyoeleza Bernardi (1959), mkono wa kushoto wa Mugwe ndio uliokuwa mtakatifu, nao ulifichwa watu wasiuone. Huko Rungwe kwenyewe, chai huchumwa kwa mikono yote miwili.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba jina mkono wa kulia ni kumbukumbu ya adabu ya mezani, na kwamba adabu hiyo haina mamlaka juu ya kalamu. Jamii inaweza kuhifadhi ada yake ya kula na kupokea kwa mkono wa kulia bila kumlazimisha mtoto kubadili mkono wa kuandikia. Inatosha mwalimu kumwelekeza ainamishe daftari upande wa pili. Watunga kamusi nao wana wajibu wao: kulifafanua neno shoto kuwa ni mazoea ya kutumia zaidi mkono wa kushoto, bila kudokeza kasoro yoyote.