Unafungua saluni Somanga? Soma hili kabla hujaajiri

Kukodi fremu na kununua draya kuna gharama, lakini kuna mwisho wake. Kumpata mtu wa kukaa kwenye saluni hiyo ni shughuli nyingine kabisa.

Saluni nyingi mpya huanza hivi: anachukuliwa binti wa jirani au mdogo wa shemeji, anaambiwa "njoo tusaidiane". Mshahara hautajwi, muda wa kazi hautajwi. Baada ya miezi michache kuna ugomvi wa kindugu, wateja wamehama, na mwenye saluni anashinda dukani kutwa huku watoto wakilelewa na bibi yao.

Tatizo hapo si kukosa msusi mwenye mkono mzuri. Ni kuajiri kabla ya kujua saa zipi wewe mwenyewe hutakuwepo.

Anza na ratiba ya nyumbani

Chukua karatasi, andika siku yako ilivyo: mtoto wa shule, chakula cha mchana, madrasa jioni, mgonjwa kama yupo. Pembeni andika saa ambazo wateja wako huja. Walimu na watumishi huja baada ya saa 10 jioni na Jumamosi. Wanaouza samaki na vitafunwa barabarani huja pale mabasi yanapopungua.

Sasa linganisha. Kama muda wa nyumbani unaangukia saa ambazo wateja hawapo, msaidizi wa kuosha nywele na kufagia anatosha kwa kuanzia. Kama unaangukia saa za wateja wengi, unahitaji mtu anayeweza kufungua, kumaliza kichwa na kupokea hela bila wewe.

Fanya na hesabu nyingine. Kama wewe ndiye fundi na wateja wanakufuata wewe, huenda mtu wa kwanza kuajiri ni dada wa kazi za nyumbani, si msusi. Kumbuka tu kwamba naye ni mwajiriwa. Amri ya kima cha chini cha mshahara inamtaja pia mfanyakazi wa nyumbani.

Somanga ina misimu yake

Mji huu unaishi kwa barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara na kwa bahari. Wakati wa bamvua, wanaookota pweza wanapata, na hela inaonekana mtaani. Maji mafu yakiingia, mambo yanapoa. Ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka, saluni zinajaa. Idi, harusi na kutoa wali ni siku za foleni, hina na piko mpaka usiku.

Kuna na siku za ukame. Mei 2024, mvua kubwa za wakati wa kimbunga Hidaya zilikata barabara hii katika maeneo ya Kilwa. Barabara ikifunga, rasta na dawa kutoka Kariakoo hazifiki, lakini mshahara wa mwisho wa mwezi unabaki palepale.

Kwa hiyo usianze na watu watatu wa kudumu. Anza na mmoja, kisha tafuta wawili wa kuwaita msimu ukija. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, yaani mtu anakuja kwa kazi inayojulikana na ikiisha mmemalizana.

Mshahara, asilimia au kiti?

Saluni zetu zina njia tatu za kulipana.

Mshahara wa mwezi: mfanyakazi ana uhakika, wewe unabeba hatari ya siku mbovu. Usishuke chini ya kima cha chini. Amri mpya ya sekta binafsi imeanza kutumika Januari 1, 2026, na viwango vinatofautiana kwa sekta, hivyo muulize Afisa Kazi kiwango chako. Juu ya mshahara kuna mchango wa NSSF, asilimia 20, ambao mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, unalipa wewe peke yako.

Asilimia: hapa ugomvi huanzia kwenye swali moja, asilimia ya nini? Tuseme kichwa ni shilingi 20,000 na rasta ya saluni ni 6,000. Asilimia 40 ya 20,000 ni 8,000. Ukitoa na rasta, unabaki na 6,000 ya pango, umeme na wewe mwenyewe. Mkikubaliana kutoa kwanza gharama ya rasta, asilimia 40 ya 14,000 ni 5,600, na saluni inabaki na 8,400. Elezaneni mapema, kwa mfano wa namba.

Kukodisha kiti: msusi anakuja na vifaa na wateja wake, anakulipa kiti kwa siku au wiki. Inamfaa mama mwenye mtoto mchanga, maana hulazimiki kumsimamia. Lakini kuwa mkweli. Kama unampangia saa za kuingia, unampa vifaa na hafanyi kazi kwingine, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia kuwa mwajiriwa, hata mkiitana "wabia".

Mjaribu kwa kazi

Picha za kwenye simu zinaweza kuwa za mtu mwingine. Mpe siku moja ya majaribio, na umlipe siku hiyo. Mpe kichwa kimoja cha kusuka na kimoja cha kuweka dawa, halafu tazama haya:

- Je, anakagua ngozi ya kichwa kama ina vidonda kabla ya kuweka dawa?
- Je, anaangalia saa, au dawa inakaa mpaka mteja alie?
- Je, anaosha vitana bila kukumbushwa?
- Je, anasimulia siri za wateja wa saluni aliyotoka? Za kwako atazipeleka kwingine.

Hili la mwisho lina uzito kwa mji kama huu. Wateja wengi wanavua hijabu ndani ya saluni yako kwa kuamini pazia. Msusi anayewapiga picha na kuweka Status bila ruhusa atakufungia biashara kwa siku moja. Liseme siku ya kwanza.

Usimkatae mtu kwa kukosa cheti. Wengi wamejifunza kwa kukaa na fundi, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Omba kitambulisho chake, barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji na namba ya mdhamini. Umri nao usiupuuze: aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na aliye chini ya 18 asipewe kazi ya hatari. Dawa za kulainisha nywele zinaunguza, zisiwe kazi ya mtoto.

Andikeni, hata ukurasa mmoja

Mali bila daftari huisha bila habari, na ajira bila karatasi vilevile. Sheria inataka mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi: jina, kazi yake, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo na namna yanavyokokotolewa. Mkifikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na huna karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha makubaliano ni wako.

Ongeza na utaratibu wa kuachana. Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa ni siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28. Usimfukuze mtu kwa meseji usiku.

Ndugu naye aandikiwe. Tena yeye zaidi, maana kwa mgeni utadai haki yako bila aibu, kwa wifi yako utanyamaza mpaka uje kulipuka kwenye shughuli ya familia.

Yeye naye ana familia

Wengi watakaokuja kuomba kazi ni akina mama kama wewe. Ukitaka wakupe nafasi ya kwenda kwa mwanao, nawe uwape ya kwao.

Sheria imeweka mipaka: saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi sita, na saa 9 kwa siku. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku ina nyongeza ya asilimia 5, kwa hiyo usiku wa kuamkia Idi si wa soda peke yake. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

Ukisikia hivyo unaweza kuogopa kuajiri mwanamke mwenye mtoto. Usiogope, panga zamu. Wawili wanaopishana, mmoja asubuhi na mwingine jioni, hufunika siku nzima, na kila mmoja anapata muda wa nyumbani, wewe pia.

Hela ikiingia ukiwa nyumbani

Mambo matatu yanatosha. La kwanza, Lipa Namba iliyosajiliwa kwa biashara, ibandikwe kwenye kioo, ili meseji ya malipo ikufikie hata ukiwa jikoni. La pili, daftari la wateja: jina, huduma, bei, aliyehudumia. La tatu, hesabu ya rasta na dawa kila Jumapili. Pakiti zikipungua kuliko vichwa vilivyoandikwa, uliza siku hiyohiyo, kwa utulivu, faragha.

Mkishakubaliana haya, jifundishe kutopiga simu kila nusu saa. Anayeachiwa duka kwa maneno huku akichungwa kwa simu hajifunzi kuamua, na siku mwanao akiugua hutakuwa na wa kumwachia.

Wiki hii, kabla hujatangaza nafasi kwenye magrupu ya WhatsApp, andika ile karatasi ya ratiba. Saa zilizobaki wazi ndizo unazotafutia mtu.