Je, Wajua? Kadi yenye Jina Lake

Mama aliyetoka Masisi mbio, mtoto mgongoni, akaishia kambini nje ya Goma, mashariki mwa Kongo, kisheria si mkimbizi. Hajavuka mpaka, kwa hiyo Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 haumgusi. Ni kwa ajili ya watu kama yeye Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Kampala mwaka 2009, ukaanza kutumika Desemba 2012.

Kipengele kimoja ndani yake ni kifupi, lakini kina uzito: mwanamke ana haki ya kupewa hati kwa jina lake mwenyewe. Si jambo dogo hilo. Kadi ya mgao ikibeba jina la mume peke yake, naye akapotea njiani au akaoa kwingine, mke na watoto hubaki na sufuria tupu mpaka karatasi zirekebishwe.

Tena msaada si unga tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, hugawa vifurushi vyenye taulo za kike, sabuni na chupi, pengine tochi na filimbi. Filimbi ya nini? Mwanamke aipulize usiku, njia ya chooni ikiwa giza na mtu asiyejulikana anamfuata.