Gari Libadililo Gia Lenyewe: Lipimeni Kabla ya Kulipa

Mavuno yakiisha kuuzwa, baba wa familia huanza kufikiri habari za gari. Hapa Kawajense, kama kwingine Mpanda, magari mengi tununuayo yalitumika kwanza Japani, na mengi hayana klachi. Hubadili gia yenyewe, nasi twayaita ya otomatiki. Fedha ya mpunga au ya tumbaku ni jasho la nyumba nzima, la mama na la watoto pia. Haifai kuitoa kwa kutazama rangi na viti tu.

Ufundi huu si mpya. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitia giaboksi ya namna hii, iitwayo Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Ndani yake kazi ya klachi hufanywa na mafuta. Injini huyazungusha, nayo huizungusha giaboksi. Tena kwa nguvu ya pampu hubana sahani za gia moja na kuziachia za nyingine. Basi, mafuta yakipungua au yakiungua, gia haishiki sawasawa.

Je, gia ibadilike kwa ulaini gani? Liendesheni gari polepole penye njia iliyo sawa, injini ikiwa imekwisha pata moto. Mtasikia sauti ya injini ikishuka kidogo, na gari laendelea bila kushtuka. Mama aliyepakata mtoto aliyelala asiamshiwe. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, au asubuhi injini ikiwa baridi, kushtuka kidogo si ugonjwa. Magari mengine yana mkanda badala ya gia; hayo kwa kawaida huongeza mwendo mfululizo.

Dalili mbaya ni tatu. Kwanza, gari kupiga teke kila libadilipo gia. Pili, injini kulia juu na mwendo usiongezeke: hapo gia yateleza. Tatu, ukitia D au R, gari kukawia kabla ya kushika.

Penye kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, kipanguseni kwa kitambaa cheupe. Mafuta yakiwa meusi na kunuka kuungua, msilipe kwanza. Mwiteni fundi mnayemwamini. Wala msiongeze mafuta yoyote tu. Kila giaboksi ina aina yake, nayo imeandikwa katika kitabu cha gari.

Jueni pia: betri ikifa, gari hili haliwaki kwa kusukumwa. Likiharibika njiani, lisivutwe mbali huku magurudumu yaendeshwayo na injini yakizunguka chini, maana giaboksi itaungua. Wala msitie R kabla gari halijasimama kabisa.

Na wewe uuzaye, nakuomba usikilize. Wajua gia yateleza, ukanyamaza, ukapokea fedha. Mwenzako amekupa kwa mkono wake mwenyewe, lakini amri ya saba umeivunja, kwa kuwa umechukua mavuno yake kwa hila. Sema wazi, "Giaboksi ni mbovu," bei ishuke. Mnunuzi atajua aweke akiba ya fundi, na siku akiwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali usiku, hatakwama njiani kwa ajili ya ukimya wako.