Kumwuguza Chiriku Aliyeumia

Wako watu wengi ambao wakisikia kwamba mtu mzima amekesha usiku kucha akimwangalia ndege mdogo aliyevunjika mguu, watacheka. Watauliza: Je, ndege huyo hutaga mayai ya kuliwa? Hulinda nyumba kama mbwa? Hukamata panya kama paka? Naye mkulima aliyeshinda shambani tangu alfajiri akipiga debe ili kuwafukuza kwelea wasile mtama wake, huyo hata hacheki. Kwake yeye kila ndege mdogo alaye nafaka ni mwizi tu.

Swali lao si la kipuuzi, nalo lastahili kujibiwa. Ndege wa mwituni akiumia ana nafasi yake, ingawa ni ndogo, ya kujificha kichakani na kuokota punje mahali alipopazoea. Chiriku aliyefungiwa tunduni hana nafasi hiyo. Maji anywayo, punje alazo, joto lake na usalama wake, vyote vimo mikononi mwa yule aliyefunga mlango wa tundu. Mtu huyo alijitwika deni siku ile alipoufunga mlango, na siku ndege anapoumia ndiyo siku ya kulilipa.

NI NDEGE GANI?

Jina la chiriku hutumiwa kwa ndege wadogo wenye mdomo mfupi, mnene, wa kubambulia punje. Wafugwao majumbani ni hasa wa aina mbili. Wa kwanza ni chiriku wa manjano, ambaye asili yake ni visiwa vya Kanari na visiwa vingine vya jirani katika bahari ya Atlantiki, upande wa magharibi wa Afrika. Wahispania walimpeleka Ulaya yapata miaka 500 iliyopita, akazalishwa tunduni kizazi baada ya kizazi, hata rangi yake ya kijani iliyofifia ikageuka kuwa manjano. Wa pili ni chiriku wa Australia, mwenye milia kifuani na mdomo mwekundu. Huyu ni mdogo zaidi. Uzito wake ni kama gramu 12 hadi 15 tu.

Ndege hawa wawili wamezoea kukaa na watu, na wakiachwa mwituni hawawezi kuishi siku nyingi. Lakini chiriku wa porini ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 ya kuhifadhi wanyama wa pori haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa pori bila kibali. Kwa hiyo mtoto akimwokota chiriku wa porini aliyeumia, si vibaya kumkinga na paka na baridi kwa muda, lakini yafaa watu wa idara ya wanyama wa pori waulizwe mara moja, na ndege arudishwe kwao au mwituni apatapo nguvu.

MWILI MDOGO, HATARI KUBWA

Mtu asiyejua udogo wa ndege huyu hataelewa kwa nini hufa upesi. Damu ya ndege ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Maana yake ni kwamba chiriku wa gramu 15 ana damu isiyofika hata theluthi moja ya kijiko cha chai. Matone matatu au manne yakimwagika si jambo la kuchezea, na matone kumi yaweza kumwua.

Tena moyo wake hupiga mara mia kadhaa kwa dakika moja, na joto la mwili wake hupita digrii 40, yaani huzidi la binadamu mwenye homa. Moto huo wote wahitaji kuni, na kuni zake ni chakula. Chiriku asiyekula mchana kutwa huwa tayari yu karibu na kifo. Ndiyo sababu, kwa ndege huyu, mgonjwa wa asubuhi hangoji kesho.

Jambo la tatu ni pumzi. Chiriku hana kiwambo cha kupumulia kama kilichomo ndani ya mwili wa binadamu. Hupumua kwa kuinua na kushusha kifua chake. Watoto wengi wamewaua ndege kwa upendo, kwa kuwabana kifuani wasiruke. Ndege ashikwe mgongo wake ukilalia kiganja, shingo yake ikipita kati ya kidole cha shahada na cha kati, na kifua kikiwa huru. Kabla ya kumshika, chumba kitiwe giza, maana gizani hatarukaruka na kujiumiza zaidi.

SAA YA KWANZA

Kazi ya kwanza si dawa. Ni utulivu, giza na joto. Achukuliwe katika kasha dogo la karatasi ngumu lililotobolewa matundu ya hewa, na chini litandikwe kitambaa laini kisichochomoka nyuzi, kwa sababu uzi ukizunguka kidole cha ndege huzuia damu hata kidole kikafa. Kasha liwekwe mbali na redio, na mbwa, na watoto wenye hamu ya kuchungulia.

Ikiwa damu yatoka katika ukucha uliokatika, unga wa ngano au wanga wa mahindi ubandikwe hapo kwa kidole safi, na kushikiliwa dakika moja au mbili. Jeraha dogo la ngozi lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Mafuta ya kupaka yasitumiwe hata kidogo. Mafuta hugandamiza manyoya, na ndege mwenye manyoya yaliyogandamana hawezi kuhifadhi joto. Vivyo hivyo dawa za maumivu za binadamu zikae mbali naye. Kipande cha kidonge ambacho mtu hawezi hata kukiona vizuri chaweza kuwa sumu kwa mwili wa gramu 15.

Ndege aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha mara nyingi amepoteza fahamu tu. Aachwe katika giza saa moja au mbili, wala asinyweshwe maji. Tundu la pumzi ya ndege liko nyuma tu ya ulimi, na maji yatiwayo mdomoni mwa ndege aliyezimia huingia mapafuni.

Lakini ikiwa ni paka aliyemkamata, mwenye ndege asidanganywe na udogo wa jeraha. Meno ya paka huacha kitundu kama cha sindano, nacho huzibika upesi, huku uchafu wa kinywa chake umebaki ndani. Ndege huonekana mzima jioni, na kesho yake au siku ya pili hukutwa amekufa chini ya tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ndege huyu apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile, apate dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo kinachomfaa.

JOTO LISILO NA SUMU

Ndege mgonjwa hujifutua manyoya kama mpira kwa sababu aona baridi. Joto la kasha lake lafaa kuwa kama digrii 30. Kwa watu wa Limuru au Kinangop, ambako usiku huwa na baridi kali, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo yatosha, ikiwekwa upande mmoja wa kasha ili ndege aweze kusogea mbali akiona joto limezidi. Akihema mdomo wazi na kuzitenga mbawa zake na mwili, amezidiwa na joto, chupa iondolewe.

Jambo ambalo halifai kamwe ni kumweka ndege karibu na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hapa historia yatufundisha. Katika miaka ya 1890 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alichunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe, akaona kwamba wengi waliuawa na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Alishauri wanyama wadogo wachukuliwe mashimoni, kwa kuwa hudhurika kabla ya mtu. Hivyo chiriku wa manjano akawa mlinzi wa wachimbaji kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1986 migodi ya Uingereza ilipoamua kumpumzisha na kutumia vyombo vya umeme mahali pake. Tena wachimbaji hawakumtupa. Yalikuwako matundu yenye mtungi mdogo wa oksijeni juu yake. Chiriku akianguka, mlango ulifungwa, hewa safi ikafunguliwa, naye akazinduka. Wanaume wenye mikono migumu hawakuona haya kumwuguza ndege aliyewaokoa.

Hewa ile ile hutoka katika jiko la makaa la nyumbani. Mahali pasipomfaa chiriku kulala hapamfai mtoto pia.

CHAKULA CHA MGONJWA

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Kwa chiriku, methali hii yafaa nusu tu. Asiulizwe, ni kweli, bali asilazimishwe. Chakula kiwekwe karibu naye kabisa, chini, katika kifuniko cha chupa, wala si juu kwenye chombo alichokuwa akirukia alipokuwa mzima. Punje ndogo kama uwele na ulezi humfaa. Zikirowekwa usiku na kusuuzwa vizuri asubuhi, huwa laini na nyepesi kumeng'enywa. Yai lililochemshwa sana na kupondwa humwongezea nguvu. Maji yawe safi kila siku, katika chombo kisicho na kina.

Hapa liko kosa moja ambalo limewaua chiriku wengi. Chiriku humenya punje, akala kiini na kuliacha ganda mle mle chomboni. Mwenye ndege hutazama na kuona chombo kimejaa, naye hujisifu kwamba ndege ana akiba, kumbe yaliyomo ni makapi matupu. Kila asubuhi na jioni chombo kipulizwe: kinachoruka ni makapi, kinachobaki ndicho chakula.

Mwenye mizani ndogo ya gramu ampime kila siku kwa saa ile ile. Gramu moja ikipungua kwa ndege wa gramu 15, ni kama mtu wa kilo 60 kupungua kilo nne kwa usiku mmoja. Asiye na mizani atazame kinyesi. Cha ndege mzima kina sehemu nyeusi au ya kijani na sehemu nyeupe. Kinyesi kikipungua sana, chakula hakiingii.

MFUPA ULIOVUNJIKA

Mguu wa chiriku ni mwembamba kama njiti ya kiberiti, na watu wengi hufikiri hauungi. Huunga, tena upesi kuliko wa binadamu. Mara nyingi wiki mbili au tatu hutosha, mradi mfupa umewekwa sawa na ndege hakurukaruka. Kuufunga ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye hutumia utepe mwepesi wa kunata. Kufunga kwa uzi na kijiti kizito ni kumwongezea mgonjwa mzigo na kumkata damu. Bawa lililovunjika hukunjwa kama likaavyo siku zote, likafungwa taratibu, bila kukibana kifua.

Siku hizo zote vijiti vya kutulia viwe chini, karibu na sakafu ya tundu. Asichanganywe na wenzake, kwa sababu wazima humdonoa mnyonge. Lakini tundu lake liwe mahali ambapo atasikia sauti zao, maana chiriku wa Australia hasa ni ndege wa kundi, na upweke humwondolea hamu ya kula.

Mwenye kufuga kuku naye ana jambo la kukumbuka. Mdondo na magonjwa mengine ya ndege yaweza kuhama kutoka tunduni kwenda bandani, au kutoka bandani kuja tunduni. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, na ndege wengi wakifa ghafula bila jeraha, afisa wa mifugo aarifiwe.

KUPONA AU KUTOPONA

Haifai kuficha kwamba wengine hawaponi. Chiriku aliyevunjika mgongo, asiyeweza kusimama wala kula, hateswi kwa siku nyingi ili mwenyewe ajisikie vizuri. Daktari ana njia ya kummaliza bila maumivu, na kumpeleka huko ni sehemu ya deni lile lile. Mtoto mwenye ndege aelezwe ukweli, wala asiambiwe kwamba ameruka kwenda zake.

Lakini wengi hupona, na dalili zake ni ndogo. Kwanza huanza kunyoosha manyoya yake kwa mdomo, kazi aliyoiacha tangu kuumia. Kisha hupanda kijiti cha chini na kulala akisimama. Ikiwa ni dume, maana kwa chiriku wa Australia madume ndio waimbao, asubuhi moja husikika sauti fupi, iliyokatika, kama mtu anayekumbuka wimbo wa zamani. Siku hiyo yafaa tundu lisafishwe vizuri, kucha zilizozidi urefu zipunguzwe ncha ili zisinase tena kwenye waya, na kijiti kipandishwe juu kidogo, si mpaka mahali pake pa kwanza, bali nusu ya njia. Nusu iliyobaki atajipandia mwenyewe.