Kufufua, Kuhuisha au Kujaribu? Istilahi ya Kiswahili katika Maagizo ya Kutoushtua Moyo wa Mgonjwa Hospitalini

Ikisiri
Agizo la kutoushtua moyo wa mgonjwa uliosimama huandikwa kwa maneno machache katika jalada, lakini athari yake kwa mgonjwa na jamaa zake ni kubwa. Makala haya yanafafanua maana na mipaka ya agizo hilo, yanachambua visawe vyake vya Kiswahili, na yanaonesha kwamba uteuzi wa istilahi ni sehemu ya utekelezaji wake. Inapendekezwa kuwa istilahi ya Kiswahili ijengwe juu ya dhana ya kujaribu.

1.0 Utangulizi
Mwaka 1960, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walieleza namna ya kuendesha mzunguko wa damu kwa kukandamiza kifua bila kukipasua. Baada ya muda mfupi, mbinu hiyo ilianza kutumiwa hata kwa wagonjwa waliokuwa katika hatua za mwisho za maradhi yasiyotibika. Wengi wao walivunjika mbavu bila kupata nafuu yoyote. Mwaka 1974, Chama cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kwamba uamuzi wa kutoitumia uandikwe katika jalada la mgonjwa. Mwaka 1976, baadhi ya hospitali za Boston zilichapisha taratibu zao. Hivyo agizo hili lilizaliwa kama hati, na hati haitenganiki na lugha iliyoandikiwa.

2.0 Mipaka ya Agizo
Agizo hili linahusu tukio moja tu: moyo au pumzi kusimama. Linaelekeza kwamba wakati huo kifua kisikandamizwe, moyo usishtuliwe kwa umeme, na mgonjwa asitiwe mashine ya kupumulia. Haliondoi dawa za maumivu, oksijeni, viuavijasumu, chakula wala uangalizi wa muuguzi. Mgonjwa mwenye agizo hili anaweza kufanyiwa upasuaji na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Kosa linalotia hofu zaidi ni kulisoma kana kwamba linasema "asitibiwe", na kosa hilo mara nyingi huanzia katika maneno.

3.0 Uchambuzi wa Visawe
Kisawe cha kwanza kinachojitokeza ni kufufua. Katika masikio ya Waislamu na Wakristo wa Afrika Mashariki, neno hili limefungamana na ufufuo, yaani tendo la Mwenyezi Mungu. Jamaa anayeambiwa "tumeamua kutomfufua mzee" husikia mambo mawili: kwamba mzee amekwisha kufa, na kwamba madaktari wana uwezo wa kumrudisha ila wamekataa. Yote mawili si kweli.

Kisawe cha pili ni kuhuisha. Hiki kina hadhi ya kitaaluma na hakibebi uzito wa kiimani kwa kiwango kilekile. Hata hivyo, katika lugha ya ofisini kuhuisha ni kufanya kitu kiwe cha sasa: taarifa, leseni au daftari. Zaidi ya hayo, umbo huisha linafanana na hali ya mazoea ya kitenzi kuisha, kama katika "dawa huisha". Katika hati inayosomwa kwa haraka usiku wa manane, utata wa namna hiyo haufai.

Upungufu wa visawe vyote viwili ni mmoja: vinataja matokeo badala ya tendo. Kiingereza nacho kilikabiliwa na tatizo hili. Ndiyo maana nchini Uingereza neno lenye maana ya "kujaribu" liliongezwa katika jina la agizo, ili ieleweke kwamba kinachoachwa ni jaribio ambalo mara nyingi halifanikiwi. Kiswahili kina vitenzi vinavyotaja tendo lenyewe: kukandamiza kifua na kushtua moyo. Kwa hiyo, agizo la kutojaribu kuushtua moyo ni refu kuliko agizo la kutohuisha, lakini halimwahidi wala kumnyima msikilizaji kisichokuwapo.

4.0 Istilahi na Utaratibu
Katika kesi ya Tracey ya mwaka 2014, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba kuandika agizo hili bila kumshirikisha mgonjwa kulikiuka haki yake ya kuheshimiwa maisha ya faragha. Mahakama ilieleza kuwa kuhofia kumhuzunisha mgonjwa hakutoshi kuwa sababu ya kumficha. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa apewe taarifa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika.

Matakwa hayo hayatimizwi na istilahi peke yake. Yanahitaji kauli kamili, kwa mfano: "Moyo wa mzee ukisimama, hatutamkandamiza kifua wala kumtia mashine ya kupumulia, kwa sababu hayo hayataondoa ugonjwa wake. Dawa za maumivu, oksijeni na huduma nyingine zitaendelea." Kauli hii hutangulia hati. Kisha agizo hutiwa saini na tarehe, hutajwa sababu na watu walioshirikishwa, hupitiwa upya hali ya mgonjwa inapobadilika, na huambatana naye anapohamishwa wodi.

5.0 Hitimisho
Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na nchini Uganda kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Hadhi hiyo ina maana ndogo kwa mgonjwa iwapo hati inayogusa kifo chake imeandikwa kwa lugha asiyoielewa, na ikafasiriwa kwake na jamaa aliyekuwapo kwa bahati. Inapendekezwa kwamba wizara za afya na mabaraza ya Kiswahili ya ukanda huu zikubaliane juu ya istilahi moja inayotaja tendo, zitayarishe kauli za maelezo za kuambatana nayo, na zizijaribu wodini pamoja na wauguzi na familia kabla ya kuzisanifisha.