Kiti Kipo, Kitabu Je?

Ndugu msikilizaji, ukiingia katika maktaba ya mkoa siku ya kazi, hasa mitihani inapokaribia, aghalabu utakuta viti vimejaa. Lakini hebu angalia kilichoko mezani. Katika maktaba nilizopita kikazi, wanafunzi wengi walikuwa wakisoma madaftari na vitabu walivyokuja navyo wenyewe. Maktaba ilikuwa imewapa kiti, meza, taa na utulivu. Hilo si jambo dogo kwa mtoto ambaye nyumbani kwao wanaishi chumba kimoja. Hata hivyo maktaba ni vitabu, na juma hili naomba tuulizane: vitabu hivyo vinatoka wapi?

Tulianza vizuri. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mikoani nako zikafunguliwa maktaba. Miaka ya 1970, kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipopamba moto, maktaba ndogo zilifika mpaka vijijini. Ilieleweka kwamba mtu aliyejifunza kusoma leo, akikosa cha kusoma kesho, atasahau.

Kisha, miaka ya 1980, uchumi ukayumba. Fedha zikipungua, kila ofisi hupiga hesabu ile ile: mishahara ilipwe, umeme ulipwe, paa linalovuja lizibwe. Kitabu hakigomi wala hakilalamiki, kwa hiyo kitabu ndicho huambiwa kisubiri.

Pengo hilo wamesaidia kuliziba wahisani. Shirika la Book Aid International la Uingereza, lililoanza kazi mwaka 1954, limeleta vitabu vingi Afrika, Tanzania ikiwemo. Tunashukuru. Mwanafunzi wa uuguzi anayepata kitabu kipya cha tiba amesaidiwa kweli. Lakini vitabu vinavyotolewa na wachapishaji wa London ni vya Kiingereza. Riwaya za Shaaban Robert, au kijitabu kinachoeleza kwa Kiswahili namna ya kuhifadhi mahindi, havimo katika maghala yao. Vitabu vya namna hiyo huchapishwa kwetu, na sisi tusipovinunua, hakuna atakayetununulia. Matokeo yake, mkulima aliyemaliza darasa la saba anaweza kukuta rafu imejaa vitabu, naye akatoka mikono mitupu.

Atatokea mtu aseme kwamba sheria inamtaka mchapishaji kupeleka nakala za kila kitabu Maktaba Kuu. Ni kweli. Lakini nakala hizo ni za kuhifadhi kumbukumbu ya taifa. Hazimfikii msomaji wa Songea. Mwingine atasema siku hizi kila kitu kimo ndani ya simu. Vitabu vingi vya Kiswahili havimo humo, na hata vilivyomo vinahitaji fedha ya kununulia.

Njia ya kutokea tunaijua. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Mchapishaji alipotoa kitabu kizuri cha watoto kwa Kiswahili, mradi ulinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni. Mchapishaji akawa na uhakika wa soko, mwandishi akapata chake, na mtoto akapata kitabu. Kasoro ni kwamba msaada mkubwa ulitoka Kanada, na wahenga walikwisha tuonya: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Rai yangu ni hii. Katika bajeti ya maktaba zetu liwepo fungu la kununulia vitabu vya Kiswahili peke yake, lisilohamishwa kwenda kwenye mafuta ya magari wala posho za vikao. Hata likiwa dogo, liwe la kila mwaka, ili mchapishaji ajue kwamba akichapa ana mnunuzi. Na kila mwaka unapokwisha, maktaba ibandike mlangoni orodha ya vitabu ilivyonunua, kila mtu aione.

Nawe msikilizaji usikae kimya. Diwani au mbunge wako atakapokuja kuhutubia, inua mkono umuulize: mwaka huu maktaba yetu imenunuliwa vitabu vingapi?