Mchanga wa Makueni Ulipikwa na Nyota

Wasee, mnakumbuka ile pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024? Upana wake mita 2.5 hivi, uzito karibu kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Watu wakashangaa: chuma kutoka angani!

Sasa skia hii: chuma chote kilitoka angani. Udongo wa Kitui ni mwekundu sababu una chuma kilichoshika kutu. Mchanga wa mito ya Makueni ni silikoni na oksijeni kwa wingi. Ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, hivi vyote havikuwepo. Kulikuwa na haidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo tu. Basi.

Nani alipika hivyo vingine? Nyota. Zile kubwa huishi miaka milioni chache, kisha zinalipuka na kumwaga kila kitu zilichopika. Gesi inayobaki inachanganyika na hiyo mali, halafu inazaa nyota mpya zilizo tajiri kuliko za kwanza. Mzunguko unaendelea hivyo hivyo, hadi siku moja kuna vitu vya kutosha kutengeneza sayari, mawe, damu yako.

Lakini galaksi za mwanzo zilikuwa ndogo, na galaksi ndogo ina shida moja: mvutano wake ni dhaifu. Nyota zikilipuka, gesi yenye mali inarushwa nje na haishikiki. Kuna moja inaitwa Leo P, ndogo sana, inayotusaidia kuelewa zile za kitambo. Mwaka 2015 watafiti walipiga hesabu wakapata imebaki na asilimia 5 hivi tu ya oksijeni ambayo nyota zake zilitengeneza. Asilimia 95 ilienda! Mali kama hiyo huzurura kati ya galaksi, na nyingine huishia kuvutwa na wakubwa.

Kama umekulia kando ya mto Makueni, hii stori unaijua. Malori yanakuja, mchanga unaenda kujenga maghorofa ya Nairobi, na mto unabaki mwamba mtupu. Na ule mchanga ndio hushika maji chini wakati wa kiangazi. Ndiyo maana watu huchimba visima mtoni. Ukiisha, maji nayo kwaheri. Watu wameuawa kwa sababu ya hii biashara.

Mwaka 2015, Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga: huchoti bila kibali, na sio kila mahali. Galaksi ndogo haina namna ya kujitetea. Kaunti inayo, mradi sheria isilale kwa faili.

Nyota zilichukua mabilioni ya miaka kutuletea huo mchanga. Lori linaujaza asubuhi moja. Usiku ukiwa ocha na stima zimepotea, angalia juu kidogo, halafu angalia mto wenu. Mmebakisha asilimia ngapi?